Mkono wa Zimwi na Kichwa cha Kipepeo

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbele akae chini, aliye nyuma apate kuona.

Tumekaa.

Basi, zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemvumo. Mbele yake mashamba ya mahindi, nyuma yake msitu. Msitu huo shoka lilikuwa halijauingia. Miti yake ilikuwepo kabla ya babu wa babu zetu, na chini yake jua lilifika kwa vipande vipande.

Watu wa Kwemvumo walisifika kwa adabu. Mdogo akikutana na mkubwa, hasemi neno kwanza. Huinamisha kichwa. Mkubwa humwekea mkono utosini, humbariki, ndipo salamu huanza. Kijana kwa mzee, hivyo hivyo. Mzee kwa mzee anayemzidi, hivyo hivyo. Mtu asiyeinama waliambizana kwamba hakulelewa.

Adabu hiyo ilikuwa njema. Nayo ndiyo iliyowaponza.

Siku moja mwanamume aliingia msituni kuchimba dawa, hakurudi. Siku nyingine mwanamke aliingia kuchuma uyoga, hakurudi. Siku nyingine kijana, mpwa wake jumbe, aliingia kuwatafuta hao wawili. Naye hakurudi.

Sasa, pale kijijini alikuwepo msusi wa makapu, jina lake Mboni. Mumewe aliitwa Mdoe, mrina asali, mtu mpole mwenye kikohozi kisichopona. Mdoe alikuwa na dada yake, Semeni. Huyu Semeni alikuwa na maneno mengi. Akitumwa chumvi kwa jirani, mboga huiva, huliwa, vyombo huoshwa, yeye bado anaaga.

Siku moja Mdoe alikwenda kurina asali, na Semeni akamfuata amebeba kibuyu. Jua lilipogeuka Semeni alirudi peke yake. Kibuyu kilikuwa mkononi, na ndani yake asali kidogo.

"Wifi," alisema, "kaka amechukuliwa."

"Na nani?"

"Na babu mmoja."

Mboni akaweka ukindu chini. "Kaa. Anza mwanzo, na leo usipite kwa jirani."

Semeni akakaa. "Mwiba ulinichoma, nikabaki nyuma nautoa. Kaka akatangulia. Njiani amekaa mzee, amejitanda shuka, ndevu mpaka magotini. Akaimba hivi:

*Lete kichwa, mjukuu, nikubariki,*
*kichwa kisichoinama hakibarikiki.*

"Kaka akainama. Unamjua kaka, hata beberu akiwa na mvi angemwinamia. Mzee akamwekea mkono. Wifi, kucha zile ni majembe. Akasema, 'Toa jina.' Kaka akashikwa na kikohozi, jina likakawia. Yule mzee akavuta mkono, mkono ukagoma. Akamwambia, 'Toa jina upesi, mkono wangu hauachii kichwa mpaka jina litoke.' Kaka akasema, 'Mdoe.' Mkono ukaachia. Kaka akainuka, lakini macho hayakuwa ya kaka. Akamfuata yule mzee kama mbuzi anayefuata chumvi."

"Umemwona vizuri huyo mzee?"

"Shuka ilipepea. Miguu ina manyoya, na vidole vinatazama nyuma. Lile ni zimwi, wifi. Nikanyatia. Limemtia kaka kwenye mvule wenye shimo. Nikasikia watu ndani wanapumua, hawasemi. Likawaambia, 'Kaeni mnenepe.'"

Mboni akasimama. Kisha akasema, "Basi yu hai."

Wakaenda kwa jumbe. Jumbe wa Kwemvumo aliitwa Shemhina, mtu mwema aliyechoka. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu Mboni, huyu wifi yako mwaka jana alituambia ameona chatu kwenye mtungi wa pombe."

"Alikuwepo, mzee," alisema Semeni. "Alikuwa mdogo tu."

"Nasikiliza watu wote," alisema jumbe, "na nimekwisha kata shauri. Walioingia msituni wamekwisha liwa, na mpwa wangu yumo. Tumelundika nyasi kavu ukingoni. Upepo ukigeuka kuelekea msituni, tutawasha. Zimwi litaungua, na sisi tutalala."

"Na waliomo ndani?"

"Nitakuwa nimewazika," alisema Shemhina, na sauti yake haikuwa na ukali.

Mboni hakubishana naye. Alichukua kisu chake akaenda ukingoni mwa msitu, pale anapokata ukindu siku zote. Akakaa juu ya mzizi, akanyamaza. Enzi hizo wadudu walisema na binadamu, lakini walisema na yule tu aliyejua kunyamaza. Ndiyo maana Semeni hawakuwahi kumsemesha.

Akaja kipepeo mdogo, akatua kwenye kijiti kikavu. Mabawa yake yalikuwa membamba kama utando wa buibui. Akiyafungua ni buluu, akiyafunga ni kijivu. Nyuma, kwenye ncha za mabawa, alikuwa na vimkia viwili kama nyuzi na madoa mawili meusi kama macho. Alipotua tu aligeuka, akaweka mbele nyuma na nyuma mbele. Akaanza kuchezesha vile vimkia.

Mara ndege, shore, akashuka, akadonoa. Akaondoka na kipande cha bawa mdomoni. Kipepeo akaruka upande wa pili, akatua karibu na goti la Mboni.

"Pole," alisema Mboni. "Amekikosa kichwa."

"Hakukikosa," alisema kipepeo. "Amekipata. Hicho ndicho kichwa changu cha kuliwa. Cha kufikiria nakiweka upande mwingine."

Mboni akarudi nyumbani. Usiku huo hakusuka.

Siku ya pili akaenda tena, akakaa, akanyamaza. Juu ya jani mbele yake alikuwepo kiwavi wa kijani, mfupi, amejikunja kama punje ya dengu. Sisimizi waitwao maji moto walimzunguka. Mnawajua maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, na wakikuuma unacheza ngoma bila mpigaji. Lakini kiwavi hawakumuuma. Walimgusa mgongo taratibu, naye akatoa tone la utamu, wakalinywa. Nyigu akaja kumtaka yule kiwavi. Maji moto wakampanda, nyigu akaanguka.

"Huwaogopi hawa?" aliuliza Mboni.

"Hawa ni askari wangu," alisema kiwavi. "Nawapa kabla hawajaomba. Anayesubiri kuombwa huumwa kwanza."

"Na ukikua, unakuwa nani?"

"Ulimwona jana. Alipoteza kipande cha bawa."

Mboni akarudi nyumbani. Usiku huo alisuka mpaka jogoo wa kwanza akawika.

Alisuka kapu la mviringo, ukubwa wa kichwa cha mtu. Kitako chake alikisuka mara tatu, kikakazana hata mchanga usingepenya. Mbele alishonea mbegu mbili nyeusi za mgomba-mwitu, zikawa macho. Juu alisimika nyuzi mbili ndefu za ukindu.

Semeni akaja asubuhi, akalitazama kapu, akalizunguka. "Nani huyu? Anafanana na mjomba."

"Ni kichwa cha kuliwa," alisema Mboni. Akamweleza yote.

Semeni akasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakukatiza. Kisha akasema, "Kwa hiyo unalifunga kiunoni, nyuma, unainama, unakwenda kinyumenyume."

"Ndiyo."

"Wifi, leo makalio yako yatapata baraka za wazee." Akacheka mpaka akafuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. "Na mimi kazi yangu nini?"

"Upepo unaweza kugeuka nikiwa ndani. Jumbe akishika mwenge, wewe ongea."

"Niongee nini?"

"Lolote. Usimpe mahali pa kuweka neno."

"Hiyo tu?" alisema Semeni.

Siku hiyo, siku ya tatu, Mboni alichukua kile kibuyu chenye asali kidogo. Ilikuwa asali ya mwisho aliyorina mumewe, na alikuwa hajaionja. Akafika kwenye mti wa maji moto, akaimimina yote ndani ya kapu, hakubakiza tone.

"Nimewapa kabla hamjaomba," alisema.

Maji moto wakaionja. "Asali huisha," walisema. "Sisi hukaa alipo mtoto wetu. Mtoto akiingia, tunaingia. Mtoto akiguswa, tunauma."

Mboni akamtazama kiwavi.

"Nitaingia," alisema kiwavi, "lakini nami nina sharti. Mimi hula jani la mti huu tu, na mti huu hauoti nje ya msitu mkuu. Nikitoka kapuni, nikute mti wangu haujaungua."

"Utaukuta," alisema Mboni. Hakusema labda.

Basi kiwavi akaingia na jani lake. Maji moto wakamfuata, safu kwa safu, wakajaa kapuni. Mboni akalifunika kitambaa chepesi kama kilemba, akazitoa zile nyuzi mbili juu. Akalifunga kiunoni kwa kanga kama mama anavyofunga mtoto, akajitanda kanga ya pili kichwani, akainama mpaka pua ikakaribia magoti. Akashika njia ya msituni, kinyumenyume. Ukimtazama kwa mbali ulimwona bibi mfupi, anakuja ameinamisha kichwa kwa adabu.

Mzee alikuwa amekaa palepale njiani. Akaimba:

*Lete kichwa, mjukuu, nikubariki,*
*kichwa kisichoinama hakibarikiki.*

"Kinakuja, babu," alisema Mboni. Akasogea kinyumenyume.

Zimwi likainua pua. "Mjukuu, mbona umevimba shavu?"

"Jino, babu."

Likaimba tena:

*Lete kichwa, mjukuu, nikubariki,*
*kichwa kisichoinama hakibarikiki.*

"Kinakuja, babu." Akasogea.

"Mjukuu, mbona una nywele mbili tu?"

"Tulinyoa msibani, babu. Kwetu watu wamepotea. Ndiyo kwanza zinaota."

Mboni akakumbuka yule kipepeo, akatikisa kiuno. Nyuzi mbili zikacheza. Zimwi likazifuata kwa macho, huku na huku, likasahau mengine. Likaimba mara ya tatu:

*Lete kichwa, mjukuu, nikubariki,*
*kichwa kisichoinama hakibarikiki.*

"Hiki hapa, babu."

"Mbona sauti yako inatoka chini hivyo?"

"Adabu, babu."

Zimwi likafurahi. Likanyoosha mkono, likakishika kile kichwa kwa kucha zote tano, zikazama.

"Toa jina," lilisema.

Kimya.

"Toa jina."

Kimya. Ndani ya kapu maji moto walikuwa wanaamka.

"Toa jina."

Mboni akafungua fundo la kanga, akatoka taratibu, akanyoosha mgongo. Akageuka, akalitazama zimwi usoni. Hakuna mtu wa Kwemvumo aliyewahi kulitazama usoni, maana wote walikuwa wameinama. Macho yalikuwa madogo, ya manjano, na hayakuwa na kope. Mtu angeyaona kwanza, angekimbia.

"Wewe ni nani?" lilisema zimwi.

"Mke wa Mdoe."

Hapo maji moto wakatoka. Walitokea kwenye matundu ya kucha, wakapanda vidole, wakapanda kiganja, wakapanda mkono. Zimwi likavuta mkono, mkono ukagoma. Likapiga kapu kwenye mti, maji moto wakaongezeka.

"Ondoa kichwa chako," lilisema.

"Si changu. Wewe ndiye umekishika."

"Kinaitwa nani?"

"Hakina jina. Ni kapu."

Zimwi likaruka, likapiga magoti, likainuka. "Mkono wangu hauachii mpaka jina litoke."

"Majina unayo mengi," alisema Mboni. "Yatoe."

Zimwi lilipokuwa limeshika adabu za watu lilikuwa na akili. Sasa lilikuwa limeshika maumivu. Likatoa jina la yule mchimba dawa, na kule kwenye mvule mtu mmoja akapiga chafya. Likatoa jina la mchuma uyoga, na mwanamke akauliza kikapu chake kiko wapi. Likatoa jina la mpwa wa jumbe, naye akasema ana njaa. Majina yakatoka, ya watu wa Kwemvumo na ya watu wa vijiji ambavyo Mboni hakuvijua. Kila jina likitoka, zimwi lilipungua. Shuka ikaanza kulipwaya, ikaburuta chini.

Mkono haukuachia.

"Umenidanganya," lilisema zimwi.

"Sikukuahidi kitu. Nimekwambia uyatoe."

Zimwi likafumba mdomo. Likasema kwa meno, "Moja limebaki. Liko chini ya ulimi. Niondolee kapu, nikupe mumeo. Usiponiondolea, nalimeza."

Wakati huohuo majani juu ya miti yakageuka, yakaonyesha upande mweupe. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kijijini kuja msituni. Mboni akauhisi mgongoni. Akajua jumbe ameinuka, na mwenge unawashwa. Akajua pia kwamba mtu mwenye haraka ndiye anayenunua kwa bei ya muuzaji.

Akakaa chini juu ya mzizi. Akachuma nyuzi mbili za ukindu, akaanza kusuka.

"Unafanya nini?" liliuliza zimwi.

"Nasuka. Meza ukitaka. Mimi nimezoea kukaa."

Zimwi likamtazama. Maji moto wakapita begani. Wakapita shingoni. Mmoja, mwembamba, akapanda kidevuni, akapita kwenye mdomo uliofumbwa, akatafuta upenyo, akaupata. Akauma ulimi.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mdoe," lilisema zimwi.

Kule kwenye mvule mtu akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kile kisichopona. Mboni hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo. Kusuka kukamshinda.

Zimwi lilikuwa limenenepa kwa majina ya watu, na sasa halikuwa na hata moja. Likapungua, likapungua, likapungua. Ikabaki shuka chini, manyoya kiasi cha kujaza mto, na mkono mmoja mkavu umeshika kapu. Maji moto wakaitafuna misuli ya vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka kapu likaanguka.

Mboni akaliokota kwa mikono miwili, akalirudisha kwenye mti wake. Kisha akawafuata watu.

Ukingoni mwa msitu jumbe Shemhina alikuwa amekaa juu ya nyasi kavu. Mwenge ulikuwa umemzimikia mkononi. Vijana wenye mienge walikuwa wamekaa pia. Mbele yao alisimama Semeni.

"Sasa huyo mume wa tatu wa shangazi," alikuwa akisema, "yeye hakuwa mwizi, mzee wangu. Ni vile mbuzi walimpenda. Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mnielewe."

"Usirudi," alisema jumbe. "Mwanangu, nakuomba, usirudi nyuma tena."

Hapo miti ikafunguka na watu wakatoka. Mchimba dawa akatoka. Mchuma uyoga akatoka. Mpwa wa jumbe akatoka, naye Shemhina akaweka mwenge chini kama mtu anayeweka mzigo wa miaka. Mwisho akatoka Mdoe, akikohoa, ameshikwa mkono na mkewe.

Semeni akamtazama kaka yake. Akafungua mdomo. Maneno hayakuja. Watu wa Kwemvumo wanasema ndiyo siku pekee.

Kisha Mboni akamwendea jumbe kumsalimu. Wote walingoja ainame kama ilivyo adabu. Hakuinama. Alimtazama machoni kwanza, akamtazama vizuri, akaona macho ya mzee aliyelia. Ndipo akainama. Shemhina akamwekea mkono utosini, na mkono ukaachia mara moja, kama unavyopaswa mkono wa mzee.

Tangu hapo, huko Kwemvumo, mdogo humtazama mkubwa machoni, kisha huinama. Wageni wakiona husema watoto wa huko ni wakavu wa macho. Wenyewe hawajali. Na zile nyasi walizirudisha shambani, wakafunikia mahindi.

Baada ya siku kadhaa Mboni alikwenda kutazama kapu lake mtini. Ndani palikuwa na ganda tupu. Juu ya kijiti kikavu alikuwepo kipepeo mpya, mabawa membamba kama utando, vimkia vyote viwili vizima. Alikuwa amegeuka, mbele nyuma na nyuma mbele.

"Nimeukuta mti," alisema kipepeo.

"Nilikwambia," alisema Mboni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kichwa aende nacho, mwenye kapu asilisahau. Nayo inasema hivi: adabu ni njema, lakini mtazame kwanza yule unayemwinamia. Na msitu usiouelewa usiuchome, huenda dawa ya shida yako imekaa humo juu ya jani.